Profesa wa Kisumu na Mlango wa Jikoni

Nimehama tena. Safari hii ni Karagita, chumba kimoja chenye dirisha linalotazama ukuta, na kabla sijafungua hata sanduku la nguo, jirani akaanza kukanda unga wa chapati. Harufu ya ngano mbichi iliyolowa maji ikaingia kwangu bila hodi, nami nikajikuta nimefumba macho na kuukunjia mkono wa kulia kifuani. Nimewahi kufanya hivyo Molo, Gilgil, na Kihoto kabla maji ya ziwa hayajanitoa. Nilifanya hivyo hata Olkaria nilipokuwa nikiwapikia watu wa mitambo ya mvuke, mpaka kijana mmoja akaniuliza, "Mathe, kwani hizo chapati zinakuuma?" Sikuwa na jibu fupi. Jibu refu ndilo hili.

Baba yangu alikuwa seremala mjini Nakuru, kwenye karakana ya Bwana Devshi, Mhindi aliyeuza vitanda, kabati na majeneza. Bwana Devshi aliuza samani kwa sababu alikuwa na watoto wa kulisha, lakini moyo wake ulikuwa kwenye mazingaombwe. Ukipita mlangoni kwake alikuwa anachomoa kifungo sikioni mwako, anakitazama kwa huzuni na kusema, "Wewe toto, kifungo iko huku, sasa shati yake iko wapi?" Nilikuwa na umri wa miaka minane hivi na nilimwamini kabisa. Kila asubuhi nilijipapasa masikio.

Basi ikatangazwa kwamba wafanya mazingaombwe wa nchi nzima watakutana Nakuru siku tatu, katika ukumbi wa Wahindi uliokuwa karibu na karakana, na mwenyeji wao ni Bwana Devshi. Walikuja kutoka Nairobi, Mombasa, Kisumu, hata Kampala. Walikuwapo Wahindi, Wazungu, Wagoa, na Mwarabu mmoja wa Unguja aliyemeza sindano na kuzitoa zikiwa zimetungwa uzi. Asubuhi walifundishana mbinu zao na mchana walionyeshana. Siku ya mwisho, Jumamosi, ilikuwa ya mashindano, na kikombe cha mshindi kiliwekwa kwenye dirisha la duka la Bwana Devshi ili mji mzima ukione.

Baba alifanya kazi ya mkutano huo kwa mwezi mzima. Alitengeneza sanduku lenye sakafu mbili, kabati lenye mgongo unaofunguka, na meza ambayo mguu wake mmoja ulikuwa mtupu ndani. Mimi niliokota takataka za randa kwa ajili ya kuwashia moto nyumbani, kwa hiyo nilikuwa nimeona kila bawaba. Achieng', binti wa mfagiaji wa ukumbi, aliponiambia hao ni wachawi, nilimcheka. Nilijua mtu anapotea wapi. Anapotea nyuma ya ubao wa podo ambao baba yangu ameulainisha kwa msasa.

"Cheka tu," Achieng' akasema. "Mama anasema serikali imewaita wasome vichwa vya watu. Na wewe kichwa chako kilivyo kikubwa, wataanza nacho."

Hapo sikucheka tena, kwa sababu kichwani mwangu mlikuwa na kitu.

Wenzangu wa rika langu watakumbuka mambo yalivyokuwa wakati wa Hali ya Hatari, hasa kwetu Wakikuyu. Baba alikuwa na pasi, kibali cha kukaa mjini, kwa ajili ya kazi, na mimi niliandikwa kwenye pasi hiyo kwa ajili ya shule. Mama hakuandikwa popote. Tulikuwa tumefukuzwa kwenye shamba la Mzungu upande wa Solai, na badala ya kupanda na wengine lori la kwenda rizavu, ile ardhi waliyotengewa Wakikuyu, mama alinishika mkono tukatembea siku mbili mpaka kwa baba. Akakaa. Kwa miezi mitano alikaa ndani ya chumba kimoja cha mabati, akitoka alfajiri tu, na kila aliyeniuliza nilimjibu nilivyofundishwa: "Mama yuko rizavu kwa cucu." Nilisema hivyo mara nyingi hata nikaanza kumwona huko kwa bibi, akichuma mboga.

Watakumbuka pia Gakunia, yule mtu wa kuvikwa gunia kichwani lenye matundu mawili ya macho. Wanaume walipangwa foleni uwanjani wakapita mmoja mmoja mbele yake. Akitikisa kichwa, unakwenda nyumbani. Akikubali, unapanda lori. Nilikuwa nimesimama nje ya waya siku mjomba alipompita, na nikaona gunia likiinama kidogo, kama mtu anayesinzia. Hicho tu. Mjomba akapanda lori, na mpaka siku za mkutano ule alikuwa hajarudi. Sikuelewa gunia lilijuaje. Nilielewa tu kwamba lilijua.

Siku ya pili ya mkutano, Ijumaa, Profesa wa Kisumu alitoa mafundisho. Wote walijiita maprofesa, lakini huyu hata mwenzake wa Nairobi alimwita hivyo bila kutabasamu. Alikuwa Mgoa mwembamba, wa makamo, karani wa kukata tikiti stesheni ya reli, na hakuwa na sanduku hata moja. Baba alikuwa nyuma ya jukwaa akitia mafuta bawaba iliyolia, na jioni Bwana Devshi alipokuja karakanani alikuwa bado anashangaa.

"Fundi, huyu mtu hapana hitaji mbao," akasema. "Wewe naficha kitu. Yeye nashika mkono yako hapa," akashika kifundo cha mkono wa baba, pale penye mshipa. "Yeye natembea na wewe. Mdomo yako nasema hapana, lakini mkono nasema ndiyo. Mkono hapana jua kudanganya. Navuta kidogo, naogopa kidogo, yeye nasikia yote."

"Hata kama sitaki kumwambia?" baba akauliza.

"Kama hapana taka, ndiyo nasema zaidi."

Baba akacheka. Wakati wa kula alimsimulia mama na kusema kwa mzaha kwamba yule Mgoa anaweza kujua mpaka rangi ya sufuria yetu. Mama hakucheka. Alinitazama, kisha akaniongezea mboga. Mimi nililala nikiwa nimekalia mkono wangu.

Ilisemekana kwamba Jumamosi kutakuwa na msako kwenye nyumba zetu. Kwa hiyo asubuhi, watu wakienda kazini, baba alimpitisha mama barabarani akiwa na mbao kichwani kama kibarua, mpaka jikoni mwa ukumbi ule. Bwana Devshi alikuwa mlangoni. Alimtazama mama, akazitazama mbao, akasema, "Mimi naona mbao. Weka ndani." Mama akaambiwa aoshe vikombe vya chai na asitoke.

Jiko lile lilikuwa na milango miwili. Mmoja ulitokea ua wa nyuma. Wa pili ulifunguka ukumbini, upande wa kulia wa jukwaa, mlango wa kijani wenye kitasa cha shaba. Asubuhi tulidhani ni mahali salama kupita pote mjini. Mchana akaja inspekta wa polisi, Mzungu, na watoto wake wawili, akaketi safu ya mbele. Askari wake wawili wakabaki ua wa nyuma, wakaegemea ukuta wa jiko wakivuta sigara. Mama akawa katikati yao, na sahani mkononi.

Sisi watoto wa wafanyakazi tuliruhusiwa kuketi sakafuni, mbele ya viti. Sikumbuki vizuri mwanzo wa mashindano, na hilo linaniuma mpaka leo, maana nilikuwa nimeyangojea mwezi mzima. Nakumbuka Mwarabu na sindano zake. Nakumbuka bibi mmoja wa Kizungu kutoka Molo aliyetoa njiwa weupe kwenye shali, na njiwa mmoja akakataa kurudi, akakaa juu ya taa. Bwana Devshi aliingia kwenye sanduku la baba akatoka mpwa wake, na watu wakapiga makofi, lakini tumbo lake lilikuwa kubwa kuliko hesabu za baba na sote wa mbele tulimsikia akigugumia chini ya sakafu. Achieng' alicheka mpaka akalala chali. Mimi nilikuwa natazama mlango wa kijani.

Kisha akaja Profesa.

Aliketi kitini, na mwamuzi, mzee wa Kizungu mwenye masharubu, akamwekea madonge mawili ya unga uliokandwa juu ya macho, akayabana vizuri. Harufu ilitufikia pale chini. Juu ya unga wakafunga bendeji. Juu ya bendeji wakamvika kichwani mfuko wa kitambaa kizito cheusi, ukafika mabegani, ukafungwa kamba shingoni.

Gunia. Sikuona mfuko, niliona gunia, ila hili halikuwa hata na matundu. Nikawaza: huyu ndiye mkubwa wao. Hahitaji matundu. Na hapo yote niliyosikia yakaungana: maneno ya Achieng', maneno ya Bwana Devshi, inspekta mbele, askari nyuma. Hawakuja kwa ajili ya mashindano. Wamekuja kumtafuta mama yangu.

Profesa alitolewa nje. Mwamuzi akavua pete yake. Alihitajika mtu mmoja wa kuona pete inapofichwa, mtu huyo ndiye angeshikwa mkono. Mshindani wa Nairobi akapaza sauti kutoka nyuma, na Bwana Devshi akatafsiri kwa Kiswahili huku akicheka: "Nasema, chagua mtu ambaye hawezi kuwa rafiki ya Profesa." Masharubu yakageuka huku na huku, yakashuka sakafuni, na kidole kikanielekea mimi.

"Si nilikwambia?" Achieng' akaninong'oneza. Lakini aliponiona uso, alinishika sketi kana kwamba angeweza kunizuia.

Pete ilifichwa kwenye utepe wa kofia ya mama mmoja, safu ya tatu, upande wa kushoto. Nilionyeshwa mara mbili. Profesa akarudishwa, akaongozwa kwangu, akainyoosha mikono hewani mpaka akaupata wangu. Vidole vyake vilikuwa vikavu na vya moto. Akasema kwa upole kutoka ndani ya gunia, kwa Kiswahili cha watu wa stesheni, "Usiniambie kitu, mama. Wewe waza tu mahali pake."

Niliamua kuufanya mkono wangu uwe ubao. Nilianza kuhesabu tebo ya saba kichwani. Saba mara moja saba, saba mara mbili kumi na nne. Nilijiambia: kofia, kofia, kofia. Lakini chini ya kofia na chini ya tebo kulikuwa na neno lingine lililokuwa likisema bila kupumzika: si mlango, si mlango, si mlango.

Tulikwenda hatua tatu kushoto. Akasimama, akainamisha kichwa kama anayesikiliza treni ya mbali. Kisha akageuka, akanipeleka kulia.

Nilivuta. Kadiri nilivyovuta ndivyo alivyotembea kwa uhakika zaidi. Tukapita mbele ya inspekta, karibu kabisa, nikaona soksi zake ndefu. Baba alikuwa amesimama kando ya pazia, nyundo mkononi na misumari mdomoni, kama ilivyokuwa kawaida yake. Alipoona tunakoelekea, misumari ikaanza kudondoka mmoja mmoja kwenye mbao za jukwaa. Ukumbi ulikuwa kimya hata niliweza kuihesabu. Ilikuwa mitano.

Tukafika mlango wa kijani. Profesa akaupapasa kwa mkono wake mwingine kutoka juu hadi chini, akakipata kitasa cha shaba, akakishika.

Inspekta akasema kitu kwa Kiingereza na viti vyote vikaangua kicheko. Bwana Devshi, ambaye sasa alikuwa na jasho mpaka kwenye kola, akatafsiri kwa sauti iliyokwaruza: "Bwana Inspekta nasema, huyu hapana tafuta pete, natafuta chai."

Profesa hakucheka. Nilimwona akikizungusha kitasa kidogo, upana wa kucha. Kikakwama. Akasubiri. Mkono wake mmoja ulikuwa kwenye mshipa wangu na mwingine kwenye shaba ile, na sisi sote, yeye, mimi na mlango, tukasimama hivyo kwa muda ambao sijui kuupima. Nilisahau tebo.

Halafu akakiachia kitasa, akanigeuza taratibu tukautazama ukumbi, akafungua kamba shingoni na kuvua mfuko. Akaondoa bendeji. Unga ukang'oka vipande vipande. Chini yake mlikuwa na macho madogo, mekundu, yenye kope nyeupe kama za mtu aliyetoka kwenye mashine ya kusaga. Alisema kwa Kiingereza kwanza, kisha kwa Kiswahili, nadhani kwa ajili yangu:

"Mabibi na mabwana, Inspekta amenisoma mimi badala ya mimi kumsoma mtoto. Nina kiu ya chai. Pete imenishinda."

Wakacheka tena, wakampigia makofi ya pole. Kutoka nyuma mtu akamwambia arudi kwa tikiti zake. Kikombe alikipata yule bibi wa Molo, ingawa njiwa wake alikuwa bado juu ya taa. Inspekta akampa Profesa mkono, akawaita watoto wake, wakatoka kwa mlango mkubwa wa mbele. Baada ya muda nikasikia gari likiwaka nje, na buti za askari zikikimbilia gari.

Sijui kama nimewahi kuusikia mlio mwingine wa gari uliokuwa mtamu hivyo. Liliondoka likikoroma, likabadilisha gia kwenye kona, likapotea upande wa mjini. Nikaketi sakafuni pale pale. Baba akashuka jukwaani akaja kuniokota, mimi mtoto wa miaka minane, akanibeba mgongoni kama mtoto mchanga mbele ya watu wote, naye hakuwa mtu wa kubebabeba. Shati lake lilikuwa limelowa mgongo mzima.

"Umefanya vizuri," akasema.

"Niliufanya mkono uwe ubao."

"Eeh. Nimeona."

Jikoni mama alikuwa ameketi juu ya debe, mikono yote miwili ikiwa ndani ya karai la maji, haoshi kitu. Aliponiona alicheka. Miezi mitano sikuwa nimemsikia akicheka kwa sauti, kwa sababu ukuta wa bati hausetiri kicheko. Sasa alicheka mpaka machozi yakamtoka, akanipa biskuti zilizobaki kwenye sahani za wageni, nikala saba. Profesa aliingia kunawa uso. Alimtazama mama mara moja tu, akainama kwenye bomba. Mama akammiminia chai, akaona unga umebaki kwenye kope zake, akamfuta kwa ncha ya leso yake. Yeye akafumba macho akatulia.

"Huyu binti yako," Profesa akamwambia mama, akinywa chai yake, "kichwa chake kina kuta nene kuliko benki."

Niliondoka pale nikiwa mshindi. Msako ulipita bila kutupata, na miezi michache baadaye Bwana Devshi alimpatia mama barua ya kumwonyesha kuwa mpishi wa nyumbani kwake, akaandikwa kwenye pasi kama watu wengine. Mjomba naye alirudi, amekonda, lakini alirudi. Kwa miaka mingi, kila nilipohamia mahali papya na watu wakazoea kusimuliana mambo, nilisimulia jinsi nilivyomshinda profesa mzima kwa tebo ya saba. Ilikuwa hadithi yangu niliyoipenda. Ilinifaa sana, mtu kama mimi asiyekaa mahali, kuamini kwamba naweza kufika popote na hakuna atakayejua nimebeba nini.

Nilikuwa nimeshapita umri wa miaka thelathini niliporudi kumtembelea mama huko Njoro. Tulikuwa tukichambua mbaazi uani, nami nikaianza tena hadithi ile kwa ajili ya watoto wa jirani. Mama aliniacha niende mpaka kwenye mlango wa kijani, kisha akasema bila kuinua macho kwenye ungo, "Unajua ule mlango haukuwa na komeo."

Nikamuuliza anamaanisha nini.

"Kitasa hakikukwama. Mimi ndiye nilikishika," akasema. "Kwa mikono miwili, yenye sabuni. Nilisikia mnakuja, nikasikia misumari ya baba yako. Huko nje askari. Nikashika tu. Na yule mtu akanisikia. Nilihisi kabisa ananisikia, kama vile ukimshika mtu mkono gizani ukajua ni nani. Nikawaza, basi, yamekwisha."

"Halafu?"

"Halafu akaachia," mama akasema. "Lakini hakuachia ghafla. Aliachia polepole, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mtoto."